Pumzi ya Ijumaa

Gulele, Addis Ababa
14 Hidar 2011
(kwa kalenda ya huko kwenu, 23 Novemba)

Mpendwa Shangazi Mulumebet,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani wewe na Liya? Lile jino lake la mbele limeshaota? Na jua je, limeshakataa kuchomoza kama ulivyotueleza mwaka jana, au bado linachungulia kidogo mchana? Nakuuliza kwa sababu kila nikifungua dirisha asubuhi nakufikiria. Huku mvua zimekwisha kabisa, jua ni la bure, na blanketi zilizoanikwa uani zinakauka kabla hujamaliza kuzining'iniza.

Sisi hatujambo kiasi. Presha ya Baba imeshuka, na Mama yangu ni mzima. Etiye Bizunesh wetu wa jikoni, aliyekubeba ukiwa mchanga, anasumbuliwa na magoti, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atapika injera, wewe? Mimi niko darasa la kumi. Hesabu naziweza, kuzungumza mbele ya watu bado. Maji wiki hii yametoka Jumatano tu. Kesho tunaanza mfungo, na leo ni Ijumaa, kwa hiyo jana Etiye alikaanga mayai yote yaliyokuwamo ndani, na nyumba nzima bado inanukia siagi.

Najua hukuuliza habari za mayai. Hujauliza habari yoyote tangu Jumapili ile. Nimekupigia mara kumi na moja na hukupokea, na sikulaumu. Hata ungepokea, unajua nilivyo kwenye simu. Huwa nachelewa kuanza mpaka unauliza, "Kuna mtu hapo, au ni upepo?" Kwenye karatasi nina nafuu kidogo. Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana. Ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza cha shuleni, ikanitoka kurasa mbili bila kusita, na nilipoisoma nikaona haina aibu hata kidogo. Ilikuwa kama ripoti ya maabara. Nikajua kwamba jambo hili lazima niliandike kwa lugha ambayo bibi yangu, Emama, alinigombeza nayo.

Shangazi, Jumapili ile Baba alikuwa amefungua spika ya simu, kwa hiyo sote tulikusikia. Ulisema, "Ijumaa mama yangu alikuwa hai! Nimemsikia akipumua kwa masikio yangu haya. Leo mnaniambia alikufa Jumanne? Mlimzika lini, Tibebu? Mnanificha nini?" Ukasema nyumba hii hutaikanyaga tena, na kwenye arobaini usitafutwe.

Tangu hapo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba alisema ni majonzi, dada yake amechanganyikiwa, maskini. Mzee wetu Gashe Worku, na uenyekiti wake wa chama cha mazishi, alisema uliota. Etiye Bizunesh alisema ni roho ya marehemu iliyosafiri kukuaga, na maelezo hayo ndiyo wanawake wa mtaa waliyoyapenda, yameshafika mpaka kanisani. Mimi ndiye pekee niliyejua ulisikia nini, na mpaka leo asubuhi nilikuwa nimenyamaza siku kumi na tisa. Nakuandikia ili nikuambie. Lakini naomba uniache nianze mwanzo, maana nikianza na hilo nitaishia hapo hapo.

Jumanne ile Emama aliamka kama kawaida, akasali, akaenda kufungua bomba. Maji yalikuwepo. Akaandika saa kwenye kalenda ya ukutani, kama alivyofanya kila siku tangu astaafu. Unakumbuka alivyoibeba ile kalenda ya mwaka mzima hadi ofisi ya mtaa, yule afisa akaanza kusema maji hutoka mara tatu kwa wiki, Emama akavaa miwani, akamuuliza, "Umejuaje?" Siku hizi yule kijana akimwona mtu yeyote wa nyumba hii njiani anavuka barabara.

Kisha akaketi kwa kahawa. Kikombe cha kwanza alikinywa chote na kusema Etiye amezidisha chumvi ya kahawa. Cha pili akasema kisubiri kidogo. Akaegemea ukuta, mkono kifuani, kama anayetafuta kalamu kwenye mfuko wa sweta. Etiye aliendelea kuzungumza naye. Kikombe cha tatu hakikumiminwa. Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani, na daktari akasema moyo ulikuwa umesimama kabla hatujafika. Hakuumwa, Shangazi. Hakutuita. Nilikuwepo, niliona. Hilo nalijua kwa sababu niliona.

Tuliporudi, wanaume walikaa sebuleni, na swali likawa moja tu: nani atamwambia Mulu?

Baba alikuwa ameshika simu. Gashe Worku akamnyang'anya. "Simu? Wewe una akili? Unataka kumwua mtoto wa watu?"

"Ni dada yangu, Gashe. Ana haki ya kujua leo."

"Atajua. Ila hatajulia jikoni peke yake, kwenye baridi ile, na mtoto mdogo amemshika sketi. Tangu lini msiba ukapelekwa kwa waya? Msiba unapelekwa kwa miguu, alfajiri, watu wanne, mmoja wao mwanamke mwenye kifua cha kumpokea. Wewe baba yako alipofariki uliambiwaje?"

Baba akatazama mlango. Sote tunajua aliambiwaje. Watu wanne mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, na alipowaona tu akakaa chini kabla hawajasema neno.

Wakaanza kupiga simu Oslo. Mji wenu ni wa mbali hata kwa watu wa huko huko. Habesha wenzetu walio karibu nawe ni wale wanafunzi wawili, na Gashe alisema watoto hawapeleki msiba. Wazee wa kanisa la Oslo walikuwa tayari, lakini ndege na ruhusa za kazi ziliwafikisha kwenye Jumapili. Kuanzia Jumanne mpaka Jumapili.

Ndipo Baba akauliza, "Na simu ya saa saba?"

Maana kila siku saa saba mchana, ukiwa kwenye mapumziko yako ya kazi, unapiga. Simu isipopokelewa utapiga kwa Baba, kisha kwa jirani, kisha kwa Gashe mwenyewe. Lazima mtu apokee. Macho yote yakanigeukia.

"Huyu?" Etiye Bizunesh akasema. "Huyu hata akiiba sukari uso unakiri kabla hujamwuliza."

"Mulu hatauona uso," Gashe Worku akasema. "Na anajua kwamba huyu hawezi kudanganya. Ndiyo maana ataaminiwa."

Nilitaka kukataa. Naapa nilitaka. Lakini unajua kwamba mbele ya watu wazima sauti yangu huingia ndani kama kobe. Nikainamisha kichwa, wao wakaona nimekubali.

Jumanne nilikuambia amelala. Ukasema mpe salamu.

Jumatano tulimzika saa tano. Saa saba turubai lilikuwa uani, watu wamejaa, wanakula ngano ya kuchemsha, na kila akija mtu mpya kilio kinaanza upya. Ukapiga. Ukauliza, "Kelele gani hizo?" Nikasema, "Harusi. Kwa jirani."

"Harusi Jumatano? Watu wa Gulele mmekuwa wa ajabu." Ukacheka. "Mwambie Mama asicheze sana, na yale magoti yake."

Nikarudi uani kugawa ngano.

Ngoja nikusimulie mazishi, kwa sababu nadhani hakuna aliyekusimulia. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotegemea. Wazee wa ofisini kwake walikuja na makoti yao ya zamani, mmoja akiwa na fimbo mbili. Historia ya maisha yake, ile inayosomwa kabla ya kuzika, niliiandika mimi. Baba alijaribu, akaandika jina lake na tarehe ya kuzaliwa, kisha kalamu ikakaa hapo. Akanisukumia karatasi. "Wewe ndiye uliyekuwa unamsikiliza," akasema.

Niliandika kurasa mbili. Kwamba alisomea uchumi wakati wasichana darasani walikuwa wawili, na yule mwingine akaolewa. Kwamba aliitumikia serikali miaka thelathini na mmoja. Kwamba aliachwa mjane na watoto wawili akiwa na miaka thelathini na sita. Mwishoni niliandika, "Ameacha mwana, Tibebu, na binti, Mulumebet, aliye ng'ambo." Gashe Worku ndiye aliyesoma, sababu mimi nisingeweza. Alipofika kwenye jina lako wanawake walipiga yowe moja, akasimama kusoma mpaka likaisha. Basi ulikuwepo hapo kwa namna hiyo.

Ila, Shangazi, unamjua Gashe Worku na karatasi. Aliongeza vyake. Akasema bila Askale nchi hii isingekuwa na mpango hata mmoja wa maendeleo, na kwamba mawaziri saba walikuwa wakimngojea nje ya mlango wake. Etiye Bizunesh alikuwa analia ameniegemea, akasitisha kilio, akaninong'oneza, "Angekuwa hai angemwuliza: umejuaje, Worku? Saba uliwahesabu wewe?" Tukacheka kwenye shali, tukaonekana tunalia. Hapo ndipo nililia kweli.

Mimi nilichokuwa nimeandika ni ile habari ya kisanduku kitupu, na Gashe aliiruka. Naiandika hapa kwa sababu wewe ulikuwa mchanga yalipotokea, na sijui kama aliwahi kukusimulia yote. Mimi alinisimulia mara nyingi, tukichambua dengu.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Alikuwa anatayarisha jedwali la mavuno, wilaya kwa wilaya, na kulikuwa na wilaya moja ya kaskazini ambayo taarifa yake haikufika. Barabara ilikuwa imefungwa. Kwenye kisanduku chake akaandika "haijulikani". Mkubwa wake akamwita.

"Askale, jaza hapa."

"Nijaze nini?"

"Namba."

"Namba ipi?"

"Yoyote inayofanana na jirani zake. Jedwali linakwenda juu. Haliwezi kwenda na tundu."

"Basi ijaze wewe, na utie sahihi pembeni yake."

Hakuijaza. Mwishowe mtu mwingine aliijaza, na yeye wakamteremsha chumba cha nyaraka, chini kabisa ya jengo, miaka sita. Nilimwuliza kama aliumia. Akasema ndiyo, aliumia sana, wenzake walikuwa wanapanda na yeye anapanga mafaili. Halafu akasema, "Lakini kule chini kazi inaisha saa kumi na moja kamili. Nilikuwa namkuta Mulu hajasinzia, namsuka nywele kwenye mwanga." Alisema nywele zako zilikuwa laini kama za mtoto wa kondoo na ulikuwa unapiga makelele mpaka jirani wanagonga. Kila akinisuka mimi alikuwa ananiambia, "Mulu angekuwa amenipiga teke sasa hivi." Nadhani alikuwa akinisuka mimi huku anakusuka wewe. Sikuona vibaya.

Alinilea hivyo hivyo. Nikisema jambo ananiuliza nimejuaje, na nikisema "sijui" ananilisha tonge kwa mkono wake, kubwa, mpaka machozi yananitoka. Alisema shuleni wanatoa alama kwa wanaojua, kwake zinatolewa kwa wanaokubali kwamba hawajui. Mtoto mwoga kama mimi, aliyekuwa anaogopa kuinua mkono darasani, nilijifunza kwake kwamba kuna neno moja ambalo naweza kulisema wakati wowote bila kuogopa.

Sasa nimefika Ijumaa.

Uliposalimia tu nilijua umeshachoka kuambiwa. Ukasema, "Leo siku ya nne. Amenikasirikia?"

"Hapana, Shangazi."

"Anaumwa?"

"Hapana."

Na yote mawili yalikuwa kweli. Ndivyo nilivyojifariji.

"Yuko wapi?"

"Amelala."

Kisha ukasema, "Basi usimwamshe. Nipeleke kwake, niweke sikioni. Nina jambo nataka kumwambia, hata kama halisikii."

Ningeweza kusema mlango umefungwa. Ningeweza kusema betri inakwisha. Ningeweza hata kukata, ukadhani ni mtandao, unakatika kila siku. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilitembea na ile simu isiyo na waya uliyotuletea, nikaingia chumbani kwake. Godoro lilikuwa sebuleni kwa ajili ya waombolezaji. Kitanda kilikuwa mbao tupu na mto mmoja, ambao Etiye alikuwa hajaufua kwa sababu alisema bado una harufu yake. Nikaiweka simu juu ya mto. Nikapiga magoti, nikaweka kichwa changu pembeni yake.

Sikupaswa kusikiliza. Nilisikiliza yote.

Ulisema, "Mama, usiamke. Nimekata tiketi. Genna, Krismasi ya kwetu, nitakuwa hapo, mimi na Liya. Usimwambie Tibebu, atapaka rangi nyumba nzima." Ukasema kazi imekuchosha, hukutaka kumwambia mchana akiwa macho kwa sababu angeuliza mangapi na tangu lini. Ukasema unataka akusuke. "Mimi na umri huu, Mama. Nataka nikae chini kwenye kizingiti unisuke."

Halafu ukanyamaza muda mrefu. Nilidhani umekata. Nilikuwa nalia mdomo wazi, mdomo karibu kabisa na simu, najizuia sauti isitoke, na kilichokuwa kinatoka ni pumzi tu, inapanda na kushuka.

Ukasema, "Nasikia unavyopumua. Lala." Ukakata.

Ilikuwa pumzi yangu, Shangazi. Emama alikuwa amezikwa tangu Jumatano, saa tano asubuhi, mbele ya macho yangu. Hakuna aliyekuficha tarehe. Baba hakukudanganya, anasema kweli yote, na ndiyo maana maneno yako yalimpiga kiasi kile, hakuelewa yametoka wapi. Kama kuna mtu wa kumkasirikia, ni mimi. Sikutumwa kufanya hivyo. Walinituma niseme "amelala", basi. Ya chumbani niliyafanya mwenyewe.

Na nikisema kweli basi niseme yote. Kwa muda kidogo, ulipokuwa unasema "Mama, Mama," nilifurahi. Ilikuwa kama yupo bado, kwa sababu kuna mtu anazungumza naye na hajui. Nilitaka uendelee. Sijui hilo linanifanya mtu wa namna gani.

Jambo moja bado, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Jumapili ile, baada ya wewe kukata, Baba alitugeukia sote akauliza, "Ijumaa alizungumza na nani? Amesikia pumzi gani?" Na mimi nikasema, "Sijui." Neno lake lile, Shangazi. Neno ambalo alikuwa akinilisha kwa ajili yake, ndilo nililodanganyia, wiki moja haijatimia tangu afe.

Ndani ya barua hii nimekunja karatasi. Niliikuta kwenye droo yake siku ile nilipokuwa natafuta vyeti vya kuandikia historia yake. Ni karatasi ya michoro ya ofisini, ya vile visanduku vidogo, na ni uzito wako. Ulizaliwa kwa miezi saba, unalijua hilo, lakini sidhani kama unajua kwamba alikupima kila siku, siku tisini na tatu, kwenye mizani ya kahawa ya duka la pembeni. Etiye anasema wateja walikuwa wanasubiri. Mchoro unaanza chini kabisa, kilo moja na gramu mia sita, unashuka kidogo, halafu unaanza kupanda, taratibu mno, kama mzee kwenye ngazi.

Angalia mahali palipokatika, kwenye mwezi wa pili. Siku nne hazina nukta. Hizo ndizo siku walizompeleka kaskazini kuhesabu maghala, wakamwambia aende au aache kazi. Etiye alikuwa amebaki nawe, na Emama aliporudi Etiye akamwambia andika tu, mtoto alikuwa anaongezeka, mimi nilikuwa nambeba, mkono wangu unajua. Lakini hakuandika. Utaona maneno yake pembeni, kwa penseli: "Nilikuwa safarini. Bizunesh amekadiria kwa mkono. Sijui." Na siku ya tano kuna nukta, kilo mbili na gramu mia moja, na chini yake neno moja: "Yupo."

Nimeiangalia karatasi hiyo kila siku. Nadhani zile siku nne zilimwuma kuliko miaka sita ya chini ya jengo. Angeweza kuzijaza, hakuna mkubwa wala waziri aliyekuwa akiisoma ile karatasi. Lakini aliziacha wazi. Mimi siku zako nne nimezijaza zote: amelala, harusi, kanisani, pumzi. Alhamisi ndiyo nilisema kanisani, kama umesahau; Jumamosi hukupiga. Zifute, Shangazi. Kuanzia Jumanne asubuhi baada ya kikombe cha kwanza hakukuwa na kitu kingine cha kuandika.

Leo asubuhi nilimwambia Baba. Nilisubiri kahawa ya kwanza, nikaona nikifika ya pili nitaogopa. Nilidhani atapiga kelele. Kikombe chake kikapoa mkononi. Kisha akanyanyuka, akaenda kusimama mlangoni pa chumba cha Emama, akautazama mto.

"Kwa hiyo Mulu hajachanganyikiwa," akasema.

"Hapana, Baba."

"Amesema anakuja Genna?"

"Alisema. Na Liya."

"Na akasema nitapaka rangi nyumba nzima?"

"Ndiyo."

Akacheka, Shangazi. Kicheko kilianza vizuri kikaishia pabaya, na Etiye akaja mbio kutoka jikoni na unga mikononi kuuliza nani tena amekufa. Ilibidi nirudie yote kwake. Alinipiga kofi la begani, halafu akanivuta kifuani na ule unga wake, akasema, "Mjinga wewe. Na mimi nimewaambia kanisa zima ni roho." Sasa anatafuta namna ya kuwaambia sio, na hajaipata.

Gashe Worku aliposikia alizungusha kofia yake mkononi. Akasema aliyekosea ni yeye, kumpa mtoto mzigo wa wazee. Nimwambie nini? Aliyapanga yale kwa kukupenda. Hata sasa sijui ilipaswa iweje. Ungekuwa peke yako jikoni na simu mkononi, ingekuwa nafuu? Sijui, Shangazi. Hilo nasema sijui, na ni sijui ya kweli.

Baba alitaka kukupigia hapo hapo. Nilimwomba aiache barua itangulie. Mpwa wa Gashe Worku, Tirunesh, anasafiri keshokutwa, atafika Oslo na kukutumia kutoka huko. Pamoja na barua kuna kilo mbili za pilipili ya kusaga ya Etiye, unga wa dengu wa kupikia shiro, na ule mto. Etiye hajaufua bado. Tumeufunga kwenye mifuko mitatu harufu isitoke.

Arobaini ni tarehe 29 Hidar, Jumamosi. Tutakuwa kwenye mfungo, kwa hiyo ni shiro na dengu na kabichi, naye mwenyewe alipenda hivyo. Hatukutarajii siku hiyo, ni karibu mno. Lakini Genna bado iko pale pale. Kama tiketi hujairudisha, usiirudishe. Siwezi kusuka kama yeye, mistari yangu inapinda, ila kizingiti kipo na nitajaribu, na ukinipiga teke sitasema kitu. Tangu saa nne Baba yuko juu ya ngazi. Ameanza na ukumbi, rangi ile ile ya maziwa, na ameshamwaga kopo moja kwenye viatu vyake vya kanisani.

Etiye Bizunesh anakusalimu, anasema ule. Gashe Worku anakusalimu na anakuomba radhi, atakuandikia mwenyewe akipata miwani yake. Mama yangu anakusalimu sana na anambusu Liya mashavu yote mawili, kisha la kwanza tena. Na mimi nambusu Liya. Mungu awafunike kwa mkono wake huko gizani, awarejeshee jua kwa wakati wake, na Emama apumzike mahali ambapo hakuna wa kumwambia ajaze asichokijua.

Kila siku saa saba nakaa ukumbini kando ya simu, rangi ikauke isikauke. Niulize lolote, nitakuambia nilichokiona. Na ukipiga, ukaona kimya, usikate. Unajua nachelewa kuanza. Utasikia mtu anapumua.

Ni mimi.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na ukiwa umekasirika pia,

Yemisrach Tibebu